Kura tatu za Tabora: hesabu ya Nyerere na hoja za waliompinga

Desemba 1957 Julius Nyerere alijiuzulu ujumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Gavana Edward Twining ndiye aliyemteua, na alikuwa amekaa humo miezi michache tu. Alitoka kwa sababu serikali ilikataa mapendekezo yake, hata yale ya maafikiano. Mwezi uliofuata, Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulifanyika Tabora, na yeye yuleyule akawaomba wajumbe wakiingize chama katika uchaguzi wa Baraza lilelile, tena kwa masharti ambayo TANU ilikuwa imeyalaani toka siku yaliyotangazwa.

Wajumbe wengi walikuwa wamefika Tabora na neno moja mdomoni: kususia. Mjadala ukawa mkali, na mwisho wake hoja ya Nyerere ikapita. Chama baadaye kikaupa uamuzi ule jina la "uamuzi wa busara", na kwa jina hilo ukaingia katika vitabu vya shule na hotuba za sherehe. Jina hilo limetuharibia mjadala. Likishatajwa, aliyepinga anaonekana mtu wa jazba asiyeona mbali, na hakuna tena anayejisumbua kuuliza hesabu ilipigwaje, ilitegemea nini, na nani aliulipia ushindi ule.

Nyerere alikuwa sahihi Tabora. Lakini usahihi wake ulisimama juu ya mambo manne ya kisheria na ya kiutendaji, na lingekosekana hata moja tu, waliompinga ndio wangekuwa sahihi. Na hoja zao walizoshindwa nazo pale ukumbini hazikufa. Zilirudi moja baada ya nyingine katika miaka iliyofuata.

Masharti yenyewe

Kisheria Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza iliwekwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na kuanzia 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Uingereza ililazimika kutoa taarifa kwa Baraza la Udhamini mjini New York, na kila baada ya miaka mitatu ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kukagua. Ujumbe wa 1954 ulisema nchi inaweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Serikali ya Uingereza ilikasirishwa na kauli hiyo. TANU, iliyokuwa imezaliwa Julai mwaka huohuo, iliishika kama silaha, na Machi 1955 Nyerere alikwenda mwenyewe New York kuitetea. Aliporudi aliacha kazi ya ualimu Pugu, akaingia katika siasa moja kwa moja.

Jibu la Twining kwa madai ya Waafrika lilikuwa siasa ya mseto. Mwaka 1955 alilipanga upya Baraza, upande wa wajumbe wasio wa serikali ukawa na viti 30: kumi vya Waafrika, kumi vya Waasia na kumi vya Wazungu. Sensa ya 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 8.6. Wahindi, Wagoa na Waarabu kwa pamoja hawakufika laki moja, na Wazungu walikuwa elfu ishirini na ushei. Ukigawanya, kiti kimoja cha Mzungu kilisimama kwa watu elfu mbili hivi, na kiti kimoja cha Mwafrika kilisimama kwa watu laki nane na nusu na zaidi. Serikali iliita hali hiyo usawa.

Hadi hapo wajumbe wote waliteuliwa. Ulipokuja mpango wa kuwachagua, nchi iligawanywa katika majimbo kumi ya uchaguzi, kila jimbo viti vitatu, kimoja kwa kila kundi. Uchaguzi ukapangwa kufanyika kwa awamu mbili, majimbo matano Septemba 1958 na matano Februari 1959. Mpiga kura alitakiwa awe na umri wa miaka 21, awe mkazi, na juu ya hayo awe na mojawapo ya sifa tatu: elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au cheo kinachotambuliwa na serikali, kama vile uchifu.

Likaja sharti lililoupa uchaguzi ule jina lake. Kila mpiga kura, awe wa rangi yoyote, alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Akimchagua Mwafrika peke yake na kuwaacha wale wawili, kura yake yote imeharibika. Huo ndio uliokuwa mtego. Mwanachama wa TANU asingeweza kuingia kituoni, akampa kura mtu wake, kisha akaenda zake. Sheria ilimshika mkono akawachague na wale wengine.

Na wale wengine walikuwa wameshaandaliwa. Mwaka 1956, kwa baraka za gavana, kilianzishwa chama cha UTP (United Tanganyika Party) kilichohubiri mseto na kukusanya Wazungu, Waasia na baadhi ya machifu. Kama TANU ingekaa pembeni, hao ndio wangejaza viti vyote 30.

Walichosema waliopinga

Hoja ya kwanza ilikuwa ya msingi, na hadi leo sijaona aliyeijibu kikamilifu. Kushiriki ni kukiri. Ukikubali kuweka alama mbele ya jina la Mzungu kwa sababu sheria inadai achaguliwe Mzungu, umekubali kwamba watu elfu ishirini wana haki ya kiti sawa na watu milioni nane. Unaweza kusema moyoni kwamba hukubali. Daftari la matokeo halirekodi ya moyoni.

Hoja ya pili ilihusu ni nani hasa angepiga kura. Kwa hesabu za chama chenyewe wanachama wa TANU walishapita laki moja. Walioandikishwa kupiga kura nchi nzima, awamu zote mbili pamoja, hawakufika 60,000, na humo wamo Wazungu na Waasia. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya watu walioijenga TANU kwa miguu yao na kwa ada zao walifungiwa nje. Mkata mkonge wa Tanga hakuikaribia shilingi 250 kwa mwezi. Mkulima wa pamba wa Usukumani, hata kama mauzo yake kwa mwaka yalikuwa mazuri, hakuwa na hati ya mshahara ya kumwonyesha mwandikishaji.

Mtazame Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, ambaye sauti yake iliwakusanya wanawake wa Dar es Salaam wakati wasomi wengi bado wanajificha. Elimu yake iliishia darasa la nne. Kwa kigezo cha elimu, sheria ile ilimwona hafai kumchagua hata mmoja kati ya watu aliowanadi.

Kuna na jambo lingine ambalo halitajwi sana. Waafrika waliofika darasa la nane walikuwa, kwa sehemu kubwa, makarani, walimu na watumishi wa serikali. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU. Kwa hiyo sheria iliwapa kura watu waliopigwa marufuku kuwa wanachama, na kuwanyima kura waliokuwa wanachama. Waliopinga Tabora waliuliza swali la haki kabisa: tunawezaje kuukabidhi mustakabali wa chama mikononi mwa watu wanaoogopa kuonekana na kadi yetu?

Hoja ya tatu ilikuwa ya mazoea ya mkoloni. Ukikubali sharti moja la uonevu, atakuletea la pili. Leo kura tatu, kesho mabaraza ya mseto wilayani, keshokutwa miaka 20 mingine ya "maandalizi". Haikuwa hofu ya bure. Mwaka huohuo wa 1958 serikali ilijaribu kuwatwisha watu wa Geita baraza la wilaya la mseto, na Usukuma ukawaka kwa maandamano.

Zuberi Mtemvu, mmoja wa watendaji wa mwanzo wa chama, hakukubali kushindwa. Alitoka TANU akaanzisha African National Congress, akihubiri Afrika kwa Waafrika. Ni rahisi kumcheka kwa sababu ya kura alizopata baadaye. Lakini Januari 1958 Mtemvu alikuwa anarudia, neno kwa neno, yale ambayo TANU nzima ilikuwa ikiyasema mwaka mmoja nyuma.

Hesabu

Nyerere aliitazama sheria ileile akaona kitu ambacho Twining hakukikusudia.

Jambo la kwanza ni daftari moja la wapiga kura. Kenya ilikuwa na madaftari mbalimbali, Mwafrika akichagua Waafrika na Mzungu akichagua Wazungu. Tanganyika wote waliandikwa pamoja, na kila mmoja alichagua katika makundi yote matatu.

La pili, pamoja na vizuizi vyote vya elimu na kipato, Waafrika ndio waliokuwa wengi katika daftari hilo. Weka mambo hayo mawili pamoja. Lengo la sharti la kura tatu lilikuwa kumlazimisha mgombea wa Kiafrika awapigie magoti Wazungu na Waasia. Lakini mahali ambapo Waafrika ndio wengi daftarini, sharti hilohilo linageuka: Mzungu anayetaka kiti cha Mzungu ndiye anayelazimika kuomba kura za Waafrika. Mwafrika mmoja mwenye kura ana sauti juu ya viti vitatu. TANU ikiwapanga wapiga kura wake vizuri, haishindi viti kumi tu, inaamua nani akalie vyote 30.

La tatu ni pengo katika sheria yenyewe, na kwangu hili ndilo kiini cha mambo yote. Twining alimlazimisha mpiga kura kujaza nafasi tatu, lakini hakumlazimisha mgombea apate kiwango fulani cha kura kutoka kwa kila rangi. Mzungu aliweza kushinda kiti cha Wazungu hata kama karibu kila Mzungu wa jimbo lake alimkataa, mradi Waafrika wamempa kura.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri ukiangalia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, mwaka 1962. Huko katiba ya mafungu matatu ya viti 15 iliweka sharti hilo katika viti vya kitaifa: mgombea alitakiwa kupata asilimia maalumu ya kura za Waafrika na za Wazungu pia. Viti kadhaa vikabaki wazi kwa sababu hakuna aliyezifikisha. Kama sharti la namna hiyo lingekuwamo katika sheria ya Tanganyika, hesabu ya Tabora ingeanguka, na TANU ingekuwa imeingia mtegoni kwa miguu yake yenyewe.

La nne ni mtandao wa chama. Hesabu nzuri ya karatasini haimfikishi mtu kituoni. TANU ilikuwa na matawi katika sehemu nyingi za nchi, ingawa serikali ilikuwa imeyafunga kadhaa, na Usukumani ilikatazwa kufanya kazi toka 1954. Matawi hayo hayakujengwa na Nyerere peke yake. Yalijengwa na madereva, wachuuzi, wazee wa mjini, kina mama wa vikundi vya ngoma na lelemama, na viongozi wa vyama vya ushirika wa pamba na kahawa. Hao ndio waliolifanya neno lililoamuliwa Tabora lifike Njombe likiwa bado zima.

Kwa hiyo kujiuzulu kwake Desemba na kushawishi kwake Januari havigongani kama vinavyoonekana. Mjumbe wa kuteuliwa anakaa kwa hisani ya gavana na hana cha kumtishia nacho. Mjumbe wa kuchaguliwa, akiwa na wenzake wa rangi zote waliochaguliwa na kura za chama kilekile, anaweza kutishia kutoka wote kwa pamoja, na gavana akabaki na ukumbi mtupu. Nyerere alikikataa kiti cha kwanza akakitaka cha pili.

Mkutano wa Tabora wenyewe haukusema "tushiriki" ukaishia hapo. Uliambatanisha dai la serikali ya madaraka ifikapo 1959, na tishio la kuchukua hatua za vitendo, yaani migomo na kususa kwa amani nchi nzima, kama dai lingekataliwa. Waliotaka kususia walipewa muda wa mwisho na ahadi ya mapambano. Bila kipengele hicho sidhani kama hoja ingepita.

Kazi iliyofuata, na palipokaribia kuharibika

Uamuzi ulileta tatizo la papo hapo: TANU ingewapata wapi Wazungu na Waasia wa kuwaunga mkono? Uanachama wa TANU ulikuwa wa Waafrika peke yao. Chama kililazimika kutafuta watu wa nje, kuwapima, kisha kuwaambia wanachama wake waweke alama mbele ya majina ambayo wengi hawakuyajua. Kama kisingempata mtu katika jimbo fulani, wapiga kura wake wangelazimika kumpa kura mtu wa UTP, au kura yao iharibike pamoja na ya Mwafrika wao.

Walipatikana. Derek Bryceson na Sophia Mustafa walisimama Jimbo la Kaskazini, Lady Marion Chesham Nyanda za Juu Kusini, Amir Jamal Jimbo la Mashariki alikosimama Nyerere mwenyewe. Hapa inafaa kusema waziwazi kwamba watu hawa nao walijitia hatarini. Mzungu aliyekubali kuungwa mkono na TANU mwaka 1958 alitengwa na wenzake.

Wala upande wa Waafrika haukuwa shwari. Aliyesimama kumpinga Nyerere katika jimbo lake alikuwa Chifu Patrick Kunambi, mmoja wa wale watu 17 walioiasisi TANU Julai 1954.

Kisha ikaja kesi. Makala ya Nyerere katika jarida la chama iliwashutumu maofisa wa serikali wa wilaya, akashtakiwa kwa kashfa. Agosti 1958, wiki chache kabla ya uchaguzi, alitiwa hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Angalia kiasi hicho. Ndicho kipato kilekile cha mwaka kilichomfanya mtu astahili kupiga kura.

Wapo waliotaka aende jela. Mfano ulikuwepo: Kwame Nkrumah alishinda uchaguzi wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, mwaka 1951 akiwa gerezani, akatoka humo kwenda kuongoza serikali. Jela ingempa Nyerere utukufu ambao faini haimpi mtu. Upande wa pili, Sir Richard Turnbull alikuwa ndiyo kwanza amewasili kuchukua nafasi ya Twining, akitoka Kenya ya hali ya hatari, na chama kilikuwa kinaingia katika uchaguzi wa kwanza kikiwa na kazi ngumu ya kuwafundisha wapiga kura kujaza nafasi tatu bila kuharibu hata moja. Kumwondoa kiongozi miezi sita wakati huo, na pengine kuwapa polisi sababu ya kufyatua risasi kwenye maandamano, kungeweza kuivuruga hesabu yote. Faini ililipwa. Kwangu uamuzi huu ulikuwa mgumu kuliko ule wa Tabora, kwa sababu ulimtaka mtu akubali kuonekana mwoga ili mpango usiharibike.

Septemba ilipofika, wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono walizoa ushindi. UTP ilifagiliwa na haikuinuka tena. Februari 1959 wengi wa watu wa TANU walipita bila kupingwa.

Kilichofuata ndicho kinachotupa kipimo. Oktoba 1958 Turnbull alitangaza kwamba katika Tanganyika ijayo Waafrika ndio watakaokuwa wengi katika Baraza na katika serikali. Lakini Januari 1959 Waziri wa Makoloni wa Uingereza alipokutana na magavana wa Afrika Mashariki huko Chequers, nyumba ya mapumziko ya waziri mkuu wa Uingereza, mwaka uliotajwa kwa uhuru wa Tanganyika bado ulikuwa 1970. Waliochaguliwa kwa kura tatu hawakuusubiri. Julai 1959 watano kati yao wakawa mawaziri, na Nyerere akabaki nje akiongoza wajumbe wote wa kuchaguliwa kama kundi moja, akiwa huru kuibana serikali. Uchaguzi wa Agosti 1960 ulifanyika kwa masharti mapya: kura tatu imefutwa, sifa zimelegezwa hadi mtu aweze kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na viti 50 kati ya 71 viko wazi kwa yeyote. TANU ilichukua 70. Uhuru ukaja Desemba 9, 1961.

Lakini kususia nako kulizaa

Wanaotetea Tabora hupenda kusimama hapo, kana kwamba miaka ile mitatu imethibitisha kanuni. Majirani wanatuonyesha kwamba haikuwa kanuni.

Kenya, Tom Mboya, Oginga Odinga na wenzao waliingia katika Baraza Machi 1957 kwa sheria mbaya ambayo ilimpa mpiga kura mmoja hadi kura tatu kulingana na elimu na mali yake. Wakishakaa ndani, walikataa nafasi za uwaziri, wakaisusia katiba ya Lyttelton hadi ikafa, kisha wakaikataa na ya Lennox-Boyd iliyofuata, zote zikiitwa kwa majina ya mawaziri wa makoloni wa Uingereza. Ukaidi huo ndio ulioifikisha Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwanzoni mwa 1960. Huko kukataa kulifanya kazi, ingawa kwanza walikubali kuingia.

Rhodesia ya Kaskazini ndiyo Tabora iliyopinduliwa. Oktoba 1958 Kenneth Kaunda aliachana na Harry Nkumbula, kiongozi wa chama chao, kwa ugomvi uleule: tushiriki au tususie uchaguzi wa katiba mbovu? Nkumbula alishiriki akapata kiti 1959. Kaunda alisusia, chama chake kikapigwa marufuku, akafungwa. Alipotoka alikuwa kiongozi wa nchi nzima, na Nkumbula na kiti chake akapitwa. Yaani Kaunda alishika msimamo wa Mtemvu, akashinda.

Tofauti iko wapi? Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa na Wazungu zaidi ya 70,000, migodi ya shaba, na madaftari yaliyopangwa ili Mwafrika asiweze kuamua matokeo hata akishiriki. Kiti cha Nkumbula hakikuwa na nguvu ya kuishinikiza serikali. Tanganyika ilikuwa na Wazungu wachache, waliotoka mataifa mbalimbali na wasio na sauti moja, daftari moja, na Umoja wa Mataifa ukichungulia dirishani. Ushauri wa Nyerere, ukipelekwa Lusaka mwaka 1959, ungekuwa ushauri mbaya. Wa Kaunda nao, ukiletwa Tabora, ungewapa UTP viti 30 na kumpa gavana cha kuandika katika taarifa yake ya New York: uchaguzi umefanyika, wananchi wameamua.

Deni

Sharti la elimu liliwagusa Waislamu kwa namna ya pekee. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na waliofika darasa la nane wengi wao walikuwa Wakristo. Dar es Salaam na mwambao, walikokuwa wazee walioipokea TANU na kumtambulisha Nyerere kwa watu wa mjini, waliona orodha ya wapiga kura na ya wagombea ikijaa majina ya watu wasiokuwepo siku za mwanzo. Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU, alilihoji jambo hilo waziwazi. Mwaka 1958 akafukuzwa chamani. Nje ya TANU kikatokea chama cha Waislamu cha AMNUT (All-Muslim National Union of Tanganyika), kilichotaka uhuru usiharakishwe hadi Waislamu wapate elimu ya kuwawezesha kushiriki katika serikali yake.

Kuifuata AMNUT kungekuwa kumpa Mwingereza muda alioutaka. Hilo sina shaka nalo. Lakini lalamiko lililokuwa nyuma yake lilikuwa la kweli, na lilitokana moja kwa moja na sheria ambayo TANU ilikubali kuitumia. Chama kilichokuwa na ujasiri wa kuwashawishi wanachama wake wamchague Mzungu kilishindwa kumjibu mzee wake mwenyewe kwa hoja.

Suala la rangi nalo halikuzikwa Tabora. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, liliibuka ndani ya Bunge katika mjadala wa uraia, pale baadhi ya wabunge wa TANU yenyewe walipotaka uraia uwe wa Waafrika. Ni hoja ya Mtemvu, sasa ikitoka midomoni mwa watu wa Nyerere. Alitishia kujiuzulu na serikali yake yote, wakarudi nyuma.

Mtemvu mwenyewe aliruhusiwa kutoka, kuunda chama na kugombea. Kwa 1958 hilo ni jambo la kuheshimika. Katika uchaguzi wa rais wa 1962 alipata kura 21,276, Nyerere zaidi ya milioni 1.1. Miezi michache baadaye, Januari 1963, TANU iliamua kuelekea mfumo wa chama kimoja, na mlango alioupitia Mtemvu ukafungwa kwa yeyote atakayeshindwa hoja baada yake.

Mwaka 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo huo. Hakukuwa tena na kiti cha Mzungu wala cha Mwasia, wala darasa la nane, wala shilingi 3,000. Kila mtu mzima alipiga kura. Bryceson alisimama Dar es Salaam dhidi ya Mwafrika, akachaguliwa kwa kura nyingi. Jamal alisimama Morogoro dhidi ya Mwafrika, naye akachaguliwa. Bibi Titi alisimama Rufiji. Alishindwa.